RAMADHANI, SIKU YA 12: Chombo Kizuri ni Kipi?

🌙 Tunamshukuru Allah aliyetuingiza kumi la pili tukiwa hai na tukiwa na nguvu ya kufunga. Waliofunga nasi mwaka jana na leo hawapo, Allah awarehemu.

Darsa ya leo imetokana na swali. Dada mmoja wa hapa Dodoma, jina tunalihifadhi, ametuandikia. Kwa ufupi, anakusanya lanchiboksi za zamani za watoto, zile za bati zenye picha za katuni. Ya kwanza aliikuta kwenye mitumba pale Sabasaba. Leo anazo 31, zimepangwa sebuleni kwenye kabati la vioo. Hakuna anayezitumia. Watoto wake hawaruhusiwi kuzigusa, maana rangi itachubuka. Sasa mumewe amemwambia: hii ni israfu, na hizo picha zinafukuza malaika, ziuze zote pesa utoe sadaka. Yeye anajibu: sijaiba, sijakopa, na ndicho kitu pekee ninachojifurahisha nacho. Wamefika mahali hawasemeshani vizuri, tena ndani ya mwezi huu mtukufu. Anauliza, nani yuko sahihi?

Ndugu yangu, usicheke. Swali hili ni lako pia. Kama huna lanchiboksi, una seti ya vyombo vya wageni ambayo haijawahi kumwona mgeni. Una mitandio ambayo bado ina lebo ya dukani. Una jezi, una viatu, una simu za zamani kwenye droo. Kila mmoja ana kabati lake. Kwa hiyo twende taratibu.

*1. KWANZA TUKIJUE KITU CHENYEWE*

Lanchiboksi, au wengine tunasema kikontena cha shule, ni chombo tu cha kubebea chakula. Hiki chenye picha kina historia yake. Huko Marekani, mwaka 1935, picha ya Mickey Mouse iliwekwa kwenye kopo la chakula la mtoto. Lakini biashara ilishika moto mwaka 1950, pale kampuni ya Aladdin ya Nashville, ambayo ilianza na taa za mafuta, ilipobandika kwenye kopo picha ya Hopalong Cassidy, shujaa mchunga ng'ombe wa kwenye filamu na televisheni. Mwaka wa kwanza yaliuzwa makopo kama 600,000. Mwaka 1953 washindani wao, American Thermos, wakaja na Roy Rogers. Baadaye wakafuata Superman, wanyama wa Disney na wengine wengi. Enzi ya makopo ya bati ilifikia mwisho mwaka 1985 kwa kopo la Rambo. Plastiki ikachukua nafasi.

Leo makopo yale yanatunzwa hata kwenye makumbusho ya Smithsonian kule Washington. Kopo la Superman la mwaka 1954, likiwa halijachubuka, linaweza kuuzwa kwa maelfu ya dola. Kwa hiyo dada yetu hana wazimu, wenzake wako wengi duniani.

Lakini hebu tujiulize, picha iliwekwa ya nini? Kopo la bati halifi haraka. Mtoto anaweza kulibeba darasa la kwanza mpaka la saba, kisha akamwachia mdogo wake. Kwa mama hiyo ni neema. Kwa mwenye kiwanda ni hasara, maana mama harudi dukani. Dawa yake ikawa picha. Mwaka huu shujaa ni huyu, mwakani ni mwingine, na mtoto analia anataka jipya wakati la zamani halina hata tundu. Si unaona? Kopo halijachakaa. Kilichochakaa ni hamu ya mwenye nalo.

Na mambo ni yaleyale mpaka leo. Pita Majengo wiki ya kufungua shule. Kuna vikontena vya plastiki vya Spider-Man, vya Elsa, vya kila rangi. Mtoto hakuulizi kama mfuniko unabana au kama mchuzi utamwagika kwenye daftari. Anaangalia picha. Na sisi wakubwa tunamcheka, kumbe na sisi tunanunua picha, ila yetu inaitwa "modeli mpya".

*2. KUTUNZA CHOMBO CHA ZAMANI SI DHAMBI*

Shemeji yetu, hapa naomba utulie kidogo. Kupenda kitu cha zamani peke yake si kosa.

Imepokewa katika Bukhari kwamba Anas bin Malik (r.a.) alibaki na kikombe cha Mtume (s.a.w.). Kilipopasuka, kiliungwa kwa fedha. Kilikuwa na pete ya chuma, Anas akataka kuibadilisha aweke ya dhahabu au fedha. Abu Talha (r.a.) akamzuia, akamwambia asibadilishe kitu alichokifanya Mtume. Akakiacha kama kilivyo.

Yaani hata lile jambo wanalosisitiza wakusanyaji wa leo, kwamba kitu cha kale usikipake rangi upya, kikae na asili yake, maswahaba walikuwa nalo. Tena kwa sababu iliyo bora zaidi: mapenzi kwa Mtume wao.

Lakini usiishie hapo. Asim, mmoja wa waliokiona kikombe hicho kwa Anas, anasema alikiona na akanywa humo. Miaka imepita, Mtume hayupo duniani, kikombe kina kiraka, na bado mtu anakuja kwa Anas anakinywea. Anas alitunza kumbukumbu bila kuikata na kazi yake. Shika nukta hii, tutairudia.

Wazee wetu wa pwani nao walipenda vyombo. Majumba ya mawe yalikuwa na zidaka ukutani za kupangia vyombo vya kaure kutoka China. Pale Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, kuna makaburi ya zamani ambayo sahani za China zilijengewa kwenye nguzo zake. Mapenzi ya chombo kizuri si jambo la kuletwa na televisheni. Ila sahani iliyojengewa kaburini hailishi mtu tena. Hapo kuna mazingatio: chombo kimefika mpaka makaburini na mwenyewe, wala hakikumfaa kwa lolote. Surat At-Takaathur inatuonya juu ya hilohilo, kushindana kwa wingi mpaka tuyafikie makaburi, kisha tuulizwe juu ya neema.

*3. NA PICHA JE?*

Hapa shemeji ana hoja, tusiipuuze. Zipo hadithi sahihi kwamba malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye picha za viumbe. Na Bi Aisha (r.a.) anasimulia kwamba aliwahi kuweka pazia lenye picha kufunika sehemu ya kuwekea vitu ndani ya nyumba. Mtume (s.a.w.) alipoliona, uso ulibadilika, hakulipenda. Wakalikata, wakatengeneza mto wa kuegemea.

Kitambaa ni kilekile. Kilipokuwa juu kimetundikwa kilichukiwa, kiliposhuka chini kikatumika kikaachwa. Kwa hadithi hii wanazuoni wengi wametofautisha picha iliyotukuzwa na picha iliyo kwenye kitu cha kutumika tu, kama mto au busati. Na kwa watoto wengi wamelegeza, kwa sababu Bi Aisha alikuwa na wanasesere wake na Mtume hakumkataza. Wapo pia waliokaza zaidi. Sisi kwenye darsa fupi hatutoi fatwa. Muulizeni sheikh wa msikiti wenu, mkae mbele yake wote wawili.

Ila dada yetu, jiulize wewe mwenyewe kwa ukweli. Katuni iliyo mkononi mwa mtoto, imejaa wali na maharage, na katuni iliyo kwenye kioo imewashiwa taa na haiguswi, ipi imewekwa mahali pa juu?

*4. SURA NDOGO INAYOINGIA JIKONI*

Sasa tufike kwenye kiini. Ipo sura ambayo watoto wa madrasa wanaihifadhi mapema, Surat Al-Maa'uun. Tunaisoma kwenye sala kila siku, pengine bila kuizingatia. Inamtaja anayemsukuma yatima na asiyehimiza kulisha maskini. Inawataja wanaosali huku wamesahau sala zao na wanajionyesha. Kisha inamalizia na watu wanaozuia *maa'uun*.

Maa'uun ni nini? Baadhi ya maswahaba wamesema ni zaka. Lakini Ibn Mas'ud (r.a.) amesema kuwa wao, zama za Mtume, walikuwa wakihesabu maa'uun ni kuazimana vitu kama ndoo na chungu. Vyombo vya nyumbani! Yaani Allah ameshusha sura nzima, na mwisho wake, kwa tafsiri hii, ni sufuria uliyomnyima jirani.

Mizani ya chombo ndiyo hiyo. Allah hatuulizi chombo ni cha mwaka gani, kina picha ya nani, kinauzwa bei gani. Tunaulizwa: kilitoka? Kilimfikia nani? Kilizuiwa kwa nani?

Na ule woga wa "rangi itachubuka" una dawa yake. Siku moja Mtume (s.a.w.) alikuwa kwa mmoja wa wake zake, mke mwingine akatuma chakula kwenye bakuli. Mwenye zamu akashikwa na wivu, akaupiga mkono wa mtumishi, bakuli likaanguka likavunjika. Mtume hakupiga kelele juu ya bakuli. Alikusanya vipande, akakusanya chakula, akawaambia waliokuwepo kwamba mama yenu ameona wivu. Kisha akachukua bakuli zima la nyumba ile akalipeleka kwa aliyevunjiwa, na lililovunjika likabaki pale. Tazama alivyopanga mambo: chakula kiokotwe, moyo wa mtu usivunjwe, haki ya mwenye bakuli ilipwe. Bakuli lenyewe ni la mwisho.

Na sisi tunayo sunna hii kwenye uchochoro wetu. Saa kumi na mbili jioni unaona watoto wanapita na sahani zimefunikwa kawa, tambi kwa mama fulani, uji wa pilipili manga kwa mzee fulani. Na desturi yetu ni kwamba sahani hairudi tupu. Hata kama ni ndizi mbili, utaweka. Sahani ya namna hiyo imechakaa ukingo, ua lake limefutika, na huenda ndiyo iliyo na thamani kuliko zote katika mtaa.

*5. NCHI HII INAJUA CHOMBO KITUPU*

Sisi wa kanda hii ya kati hatuhitaji kuhubiriwa sana juu ya njaa. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, na ikikosea, imekosea. Wazee wa Kigogo walirithishana habari za *Mtunya*, njaa kubwa ya kati ya 1917 na 1920. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua nayo ikakosekana. Vibuyu vilikuwepo, vyungu vilikuwepo, lakini havikuwa na kitu ndani. Ukitaka kujua chombo bila chakula ni nini, muulize aliyesimuliwa habari za miaka ile.

Leo, alhamdulillah, si kama zamani. Lakini bado zipo shule ambazo mtoto akikosa uji au makande ya shule, hali kitu mpaka jioni. Bado wapo wazazi ambao mchango wa mahindi na maharage unawashinda.

Na Ramadhani ina jambo lake ambalo tunalisahau. Mama ameamka daku, amesali alfajiri, amejilaza kidogo. Mtoto wa darasa la pili hajafikia umri wa kufunga. Anaamka, jikoni kumepoa, hakuna chai, hakuna kiporo, na kikontena chake kimewekwa juu ya kabati "mpaka Idi". Anaondoka hivyo hivyo. Funga ni yako wewe, si yake. Kumlisha mtoto asiyefunga ni wajibu wako uleule wa mwezi wa Rajabu. Na mtoto wa jirani ambaye si Mwislamu, naye tumbo lake halijui kwamba mtaa umefunga.

*6. JIBU LETU*

Dada yetu na shemeji yetu, haya ndiyo tunayoyaona, na Allah ndiye Mjuzi zaidi:

✅ *Mali ya mke ni ya mke.* Kama umenunua kwa pesa yako ya halali, mume hana haki ya kukulazimisha uuze. Lakini kama ilikatwa kwenye pesa ya matumizi ya nyumba, au kuna deni la watu halijalipwa, basi hapo neno israfu limekukuta. Lipa kwanza.

✅ *Zaka.* Vitu unavyovitunza kwa matumizi au kumbukumbu havina zaka. Ila kama ulivinunua kwa nia ya kuviuza, hiyo ni mali ya biashara. Thamani yake ijumlishwe na mali yako nyingine ya zaka. Ikifika nisabu, ambayo wengi wanaihesabu kwa gramu 85 za dhahabu au 595 za fedha, na mwaka ukapita, toa asilimia 2.5.

✅ *Usiweke chakula kwenye makopo yenyewe.* Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na bati la zamani linashika kutu ndani. Hatukuambii umpe mtoto abebe kopo la mwaka 1960 ili kuonyesha ukarimu. Kumdhuru mtoto si sadaka.

✅ *Kwa hiyo lipia nafasi yake.* Hii si wajibu, ni nasaha. Kwa kila kopo lililokaa bure kabatini, mtoto mmoja apate chakula. Unayo 31, basi toa sahani 31, kwa nafasi yako, mpaka Ramadhani iishe au hata baada ya Idi. Mengine ukiweza yauze kwa wanaoyataka, ununue vikontena vya kawaida vizima, vijazwe, vitoke. Ukiona uzito wa kuachia hata moja, hapo ndipo pa kujichunguza. Kuwa na kitu ni jambo moja, kitu kuwa na wewe ni jambo jingine.

✅ *Na nyinyi wawili semezaneni.* Mmefunga chakula halali mchana kutwa, halafu mnafuturu kwa maneno makali kuhusu makopo? Shemeji, nasaha ni kwa upole. Dada, usijibu kwa kununa. Nyumba isivunjike kwa ajili ya bati.

*KAZI YA LEO* ✍🏽

Kabla ya magharibi fungua kabati lako, lolote lile. Toa chombo kimoja kizuri, kile unachokionea huruma. Kioshe. Futari ikiiva, kijaze chakula, kifunike, umpe mtoto akipeleke kwa mtu ambaye hajawahi kupokea sahani kutoka kwako. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayemfuturisha aliyefunga hupata ujira kama wake, bila kupunguza cha mwenzake. Na kama huna cha kuongeza, alimwelekeza Abu Dharr (r.a.) azidishe maji kwenye mchuzi, awakumbuke majirani. Basi mchuzi mwepesi si kisingizio.

Na mkumbuke, ndugu zangu, zimebaki siku chache tutafute chombo kingine kabisa: pishi, vibaba vinne, kipimo cha zakatul-fitri. Sokoni kwetu watu wanapima kwa kopo, kisado na debe, kwa hiyo hakikisha unajua kipimo chako kinabeba kilo ngapi. Iwe mchele, mahindi au mtama, pishi halina picha wala rangi, na hakuna anayelipanga kwenye kioo. Lakini ndilo litakalomwezesha maskini kula siku ya Idi bila kuomba.

🤲🏽 Ewe Mola wetu, tulivyo navyo vifanye viwe mikononi mwetu, visiwe nyoyoni mwetu. Usitufanye wenye kuzuia kidogo tulichopewa. Walishe watoto wenye njaa wa mji huu na vijiji vyake, na utujaalie tuwe sababu. Tupe mvua yenye kheri. Patanisha nyumba zilizokorofishana mwezi huu. Aamiin.

Kesho inshallah: *adabu za kuazima na kurudisha*, kwa wale wenye ngazi na majembe ya watu tangu mwaka juzi. 😊

Msambazie mwenzako, huenda kabati lake limejaa kuliko lako. Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.